Pua ya Ogari na Kengele ya Jumatano

Mwaka wa 1975 watu wa mji wa Kisii waliopikia gesi ungeweza kuwahesabu bila kuchoka, na wote walimjua Ogari. Hawakumjua kwa sura, maana sura yake ilikuwa ya mtu unayempita sokoni, ukafika nyumbani ndipo ukakumbuka kwamba ulipaswa kumsalimu. Walimjua kwa pua. Ogari alifanya kazi katika duka la Abdinasir, na kazi yenyewe ilikuwa kunusa. Kila mtungi ulioshushwa kutoka kwenye lori la Nairobi ulipita mbele ya pua ile kabla ya kuuzwa. Alifumba macho, akainama, akavuta pumzi fupi tatu, kisha akasema "Mzima" au "Unavuja." Neno lake halikuwa na rufaa.

Gesi yenyewe, kwa asiyejua, haina harufu. Huko itokako hutiwa uvundo makusudi, wa kabichi iliyosahauliwa sufuriani siku tatu, ili ikivuja mtu aisikie kabla hajawasha kiberiti. Kila mwenye pua huisikia, ila Ogari aliisikia mapema kuliko wenzake. Siku moja alisimama mlangoni mwa karani mmoja wa mahakama, akakataa kuingia, akasema mtungi wa jikoni unavuja na kwamba jana walikula samaki humo. Yote mawili yalikuwa kweli. Tangu siku hiyo akawa mtu wa kuitwa majumbani, na kichwa kikavimba kidogo, si sana, kiasi cha mtu ambaye Mungu amempa kitu kimoja tu naye akaona kinatosha.

Basi mwezi wa nne, mvua kubwa za masika zilipoanza, Ogari akashikwa na mafua. Yalimkalia siku tisa. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote za dunia. Asubuhi ya siku ya kumi alinusa sabuni, hakuna kitu. Akanusa kitunguu, akanusa mafuta ya taa, akanusa viatu vyake mwenyewe ambavyo hata paka wa jirani alivikwepa, hakuna kitu. Pua ilikuwa palepale usoni, nzuri, haina hata kidonda, lakini ndani hamkuwa na mtu.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na Ogari methali hiyo aliijua tangu shuleni. Aliificha pua yake vilevile. Angefanya nini? Mtu anayelipwa kwa kunusa akisema hanusi, ni sawa na mwimbaji anayesema hana sauti. Ataambiwa pole, kisha ataonyeshwa mlango. Hata mkewe Kemuma hakumwambia. Jioni moja Kemuma alimwekea maziwa mezani, naye akayanywa, akayasifu, akasema ng'ombe huyu ana baraka. Kemuma alimtazama kwa muda mrefu, akachukua kikombe, akaenda kukiosha.

Dukani akabuni njia. Alifika mapema kuliko tajiri wake, akakoroga sabuni kwenye kopo, akapaka povu kwenye shingo ya kila mtungi. Penye tundu, povu lilifura na kupiga viputo. Kisha akaufuta mtungi kwa kitambaa, na Abdinasir alipoingia alimkuta anainama na kuvuta zile pumzi tatu kwa fahari ya kale. Abdinasir alimsifu pia kwa usafi, maana mitungi ya duka lake ilikuwa inang'aa kuliko ya duka lolote hadi Ogembo.

Lakini kuna siku lori lilifika mchana, watu wamejaa, na povu huwezi kulipaka mbele ya watu. Siku ya namna hiyo mwezi wa tano, Ogari aliuinamia mtungi wa Mwalimu Esnah, aliyefundisha shule ya msingi upande wa Nyamira, akavuta pumzi, akasema, "Mzima." Mwalimu akaupandisha kwenye basi. Kesho yake aliurudisha. Alimvuta Ogari pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba jioni alishika kiberiti mkononi, mwanawe amekaa miguuni pake anachezea vifuniko vya sufuria, ndipo ile kabichi ikamfika puani. Akafungua madirisha yote. Hakumlaumu mtu, alisema bila shaka mtungi ulilegea njiani, barabara ile inajulikana. Ogari akaitikia kwamba ndiyo, barabara ile ni mbaya. Usiku ule hakulala, na uliofuata hakulala. Kila akifumba macho aliona vifuniko vya sufuria.

Katika hali hiyo, mwishoni mwa mwezi wa sita, ndipo kisanduku kilipofika.

Kililetwa kutoka Nairobi na Dahir, binamu yake Abdinasir, ambaye hakuwahi kuja Kisii bila kitu cha ajabu mfukoni. Kilikuwa kimetengenezwa Ujapani, kikubwa kama redio ndogo, kina waya wa umeme, taa nyekundu na kengele. Dahir alieleza kwamba ndani mna kidude kidogo kinachopashwa moto, na hewa yoyote yenye gesi ikikigusa, kengele inalia. Karatasi yake ilitaja hidrojeni, gesi ya kupikia, gesi ya samadi na mivuke mingine iwakayo. Abdinasir akauliza nani Kisii anauza hidrojeni, maana naye angependa kuiuza. Wakakifunga ukutani chini, kimo cha goti, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito na hutambaa sakafuni. Palikuwa karibu na benchi la wateja.

Mji mzima ulingojea Ogari akasirike. Watu walipita dukani kwa visingizio, wakamuuliza kama Mjapani ana pua ndefu kuliko yake. Ogari aliuma midomo, akajifanya amenuna, kwa kuwa ndivyo ilivyotarajiwa. Moyoni alitaka kukibusu. Kila alfajiri alisogeza mitungi mbele ya kisanduku mmoja mmoja kama kina mama wanaopeleka watoto kupimwa uzito, na ulioliza kengele akauweka kando. Kwa wiki tatu hakuna mtungi mbovu uliotoka, na usingizi ukamrudia.

Kisha ikaja Jumatano moja. Alasiri, mvua inanyesha kama kawaida, wateja wanne ndani, mara kengele ikalia. Mteja mmoja akatoka mbio kwenye mvua na kuacha mwavuli. Abdinasir akazima taa, akafungua mlango wa nyuma, akamgeukia mtu wake.

"Pua inasema nini?"

Ogari alikuwa amepaka povu mitungi yote asubuhi ile, tena mara mbili. Akajibu kwa uhakika kwamba hakuna gesi. Baada ya muda kengele ikanyamaza yenyewe. Jumatano iliyofuata ikalia tena, saa ileile, na mitungi ikakutwa mizima. Jumatano ya tatu pia. Abdinasir akaanza kusema kwamba amewahi kusikia Waislamu wa Ijumaa, Wasabato wa Jumamosi na Wakristo wa Jumapili, lakini dini ya Jumatano ni hiki kisanduku peke yake. Wateja wakaanza kuliogopa duka. Akaamua kwamba Dahir, ambaye angepita tena baada ya wiki mbili, atakirudisha Nairobi. Akampiga Ogari begani, akamwambia asijali, watarudi kwenye pua yao ya zamani isiyohitaji umeme. Ogari akaichukua karatasi ya kisanduku, akaitia mfukoni.

Usiku ule aliisoma upya ile karatasi, mstari kwa mstari, na kamusi ya Kiingereza pembeni. Kwenye mivuke mingine iwakayo palitajwa spiriti na pombe. Akaiweka karatasi chini polepole, akamkumbuka mtu anayekuja dukani kila Jumatano alasiri.

Mtu huyo alikuwa Mzee Manasseh, baba mkwe wake.

Mzee Manasseh alikuwa mzee wa kanisa, na si kanisa la mchezo. Kwao hata kahawa ilikuwa dhambi ya kuanzia. Yeye ndiye aliyesimamia kamati ya kuwaonya walevi, na aliwaonya kwa jina. Kila Jumatano alitoka Birongo kuja kwenye ibada ya maombi mjini, na kabla ya ibada alipita dukani. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Tangu hapo alikohoa sana, akatembea na chupa ndogo ya dawa ya kifua katika mfuko wa koti lake refu, imezibwa kwa gunzi la mahindi, na alitafuna tangawizi kama mbuzi anayetafuna majani. Zamani alisimama tu, ila Jumatano hizi tatu goti bovu lilimfanya aketi kwenye benchi, na mfuko ule wa koti ukaning'inia sawasawa juu ya kisanduku. Ogari alikumbuka pia jinsi Kemuma alivyofungua madirisha kila baba yake alipowatembelea na kuondoka, hata siku za baridi, na hakusema kwa nini.

Haya, sasa amejua. Amwambie nani? Kwa Wagusii kuna chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, inayomkataza mtu kutaja mambo fulani mbele ya wakwe zake. Mbele ya baba mkwe hata neno la chooni hulitaji. Utamwambiaje kwamba ananuka pombe ya chang'aa? Kemuma naye ni binti yake, mdomo wake umefungwa kwa kamba ileile. Ogari akaona atumie akili. Alihamisha benchi akaliweka barazani. Mzee alipokuja Jumatano ya nne alilibeba mwenyewe akalirudisha ndani, akisema mvua haimjui mzee wala kijana. Kengele ikalia.

Jambo moja lilimshangaza Ogari siku zote. Baba mkwe wa Kigusii hamsogelei mkwewe. Huketi kando, huuliza habari za wajukuu na mvua, huondoka. Lakini Manasseh, kila Jumatano kabla ya kwenda kanisani, alikuja akasimama mbele yake karibu kabisa, vifua vikakaribia kugusana, akamsalimia kwa maneno marefu ya pumzi nyingi. Kisha akamuuliza swali lilelile.

"Pua iko salama, mwanangu?"

"Iko salama, baba."

Hapo uso wa mzee ulikunjuka, akarekebisha tai, akaenda zake kanisani akitembea kama kijana. Ogari alidhani ni mapenzi tu, kwamba mzee aliyefiwa amekumbuka kuwa ana mkwe. Jambo hilo lilimgusa. Hata siku zile alizotamani asingekuja, hakuweza kumchukia.

Jumatano ya tano Dahir alikuwa amefika, na sanduku la mbao la kukifungia kisanduku lilikuwa limewekwa juu ya kaunta. Mwalimu Esnah alikuwepo, amekuja kuchukua mtungi, na wateja wengine wawili. Mvua ilipiga mabati. Mzee Manasseh akaingia, akakung'uta koti, akasalimia watu wote, akaketi palepale. Haikupita dakika, kengele ikalia.

Safari hii hakuna aliyekimbia, walikuwa wamezoea. Abdinasir aliinua mikono kama mtu anayemkabidhi Mungu kesi. Akasema yeye ni mtu wa haki, hataki kukihukumu kisanduku bila shahidi. Akamwita Ogari katikati ya duka.

"Sema mbele ya watu. Kuna gesi hapa ama hakuna? Ukisema iko, hiki kitu kinabaki. Ukisema hakuna, Dahir anaenda nacho kesho."

Ogari alitazama huku na huku. Akisema gesi iko, Mwalimu Esnah ana pua yake nzima na atamshangaa. Tena mitungi itapimwa na uongo utaonekana. Akisema anasikia chang'aa, kwanza haisikii, pili atakuwa amemvua nguo baba wa mkewe hadharani, na aibu hiyo haifuliki. Akisema hakuna kitu, kila kitu kitaendelea kama zamani. Atasifiwa. Ataitwa kwenye nyumba za watu, atafumba macho mlangoni, atavuta pumzi tatu, na siku moja kutakuwa na kiberiti na mtoto miguuni. Alimtazama Mwalimu Esnah. Mwalimu alimtabasamia kwa imani kamili, na imani ile ndiyo iliyommaliza.

"Tajiri, usiniulize mimi," akasema. "Pua yangu ilikufa. Sisikii gesi, sisikii chochote. Mtungi wa mwalimu haukulegea njiani. Niliupitisha mimi, na sikuwa nimenusa kitu. Nifukuze ukitaka, lakini kisanduku kisiondoke."

Kengele iliendelea kulia kana kwamba haikusikia. Ogari aliona aibu, aibu kubwa ya kumchoma masikio, na chini yake akaona kitu kingine ambacho hakukitarajia, wepesi, wa mtu aliyetua gunia la ndizi baada ya kulipandisha kilima kizima. Mwalimu Esnah alikuwa ameshika ukingo wa kaunta. Hakutabasamu tena, ila hakuondoka. Yaelekea Abdinasir alikuwa anapiga hesabu ya muda ambao amekuwa akiitegemea maiti.

Lakini aliyesema wa kwanza hakuwa yeye. Mzee Manasseh alikuwa amesimama kutoka kwenye benchi, uso umempauka.

"Ilikufa lini?"

"Mwezi wa nne, baba."

"Mwanzo ama mwisho?"

"Mwanzo. Ile wiki ya mvua kubwa."

Mzee akaketi tena. Midomo yake ilianza kucheza polepole, na Ogari akatambua kwamba anahesabu Jumatano. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, huu wa nane. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, kama mtu anayetumaini kwamba hesabu ya pili itakuwa na huruma kuliko ya kwanza.

"Nilikuwa nikisimama mbele yako," akasema. "Nikikupumulia. Nilijua, kama pua ya Ogari haijasikia, hakuna mtu kanisani atakayesikia. Ukisema iko salama, naenda."

Hakuna aliyecheka, ingawa nakwambia kweli Dahir alilazimika kugeuka na kusoma tangazo la sabuni ukutani. Mzee aliendelea, sasa akijisemea mwenyewe. Akakumbuka kwamba tangu mwezi wa tano kina mama wa kwaya walihamia benchi la nyuma wakidai kuna upepo. Akakumbuka kwamba mchungaji alimpa pipi za mnanaa, si moja, pakiti nzima, akazichukua kama zawadi. Mahubiri matatu mfululizo yalikuwa juu ya kiasi, naye aliitikia amina kwa sauti kuliko wote. La kuvunda halina ubani, na yeye alikuwa ametafuna tangawizi ya miezi minne mbele ya watu waliojua siku zote, wakanyamaza kwa kumheshimu.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ile chupa ya dawa ya kifua. Gunzi lilikuwa limelowa. Akainama kwa taabu, akaisogeza mbele ya kisanduku, na kengele ikalia kwa sauti ambayo hata gesi haikuwahi kuitoa. Akanyanyuka, akatoka nayo barazani, akaimwaga yote kwenye maji ya mvua yaliyokuwa yakiteremka mtaroni. Aliporudi mlangoni, kisanduku kilikuwa kimya.

"Hakina kosa," alimwambia Abdinasir. "Usikirudishe."

Wakati wote huo watu walikuwa wakifanya kile ambacho chinsoni hufundisha hata wasiozaliwa nayo. Mwalimu Esnah alikuwa akitafuta kitu ndani ya mkoba wake. Abdinasir alikuwa akipanga viberiti vilivyokwisha pangwa. Ogari alitazama miguu yake mwenyewe. Mzee akavaa kofia, na mara hii hakumsogelea mkwewe wala hakumuuliza chochote. Alisimama kando, mbali, kama baba mkwe anavyotakiwa, akamwuliza habari za wajukuu. Ogari akasema hawajambo.

Ogari hakufukuzwa. Abdinasir alimkemea siku mbili, akamkata maneno mengi kuliko mshahara, kisha akauliza alikuwa akiipimaje mitungi miezi yote hiyo, naye akamwonyesha kopo la sabuni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Povu likatoka mafichoni na kuwekwa juu ya kaunta, na tangu hapo Ogari alilipaka mbele ya mteja, akamwambia atazame mwenyewe. Mwalimu Esnah aliwahi kumlazimisha alipake mara tatu kwenye mtungi mmoja. Alilipaka mara nne. Nyumbani, alipomweleza Kemuma habari ya pua, Kemuma alisema alijua tangu siku ya maziwa yale, ambayo yalikuwa na siku tatu na yalikuwa ya kumpa nguruwe wa jirani. Habari ya baba yake hakuitaja, na Ogari hakumuuliza, ila aliona kwamba amelia kidogo.

Jumatano iliyofuata mvua haikunyesha. Mzee Manasseh alikuja saa yake ileile, amevaa tai. Hakuketi. Alitazama kama kuna mteja ndani, akaona hakuna, akasogea hadi ukutani, akashika goti lake bovu na kuinama polepole mpaka uso ukawa sawa na kisanduku. Ogari alijifanya anafuta mtungi. Mzee akavuta pumzi ndefu, akaipuliza yote kwenye kile kidude cha Mjapani, akangoja.

Taa haikuwaka. Alingoja tena, kwa uhakika. Kisha akainuka, akarekebisha tai, akaenda kanisani.